Siku ya kuhesabu vijistari

Saa 12 asubuhi. Juni ya Uyole haina huruma: sweta mbili, na vidole bado vinagoma kushika kalamu. Nimewahi daladala ya kwanza kwenda sokoni Soweto kwa sababu magari ya viazi yakishaanza kupakiwa, kiongozi wa wapakiaji hana muda na mtu, hata awe wakili.

Saa 1. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umefuata habari za yule wa bega?”

Anatoa daftari la kaunta lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila mpakiaji ana ukurasa wake, kila gunia lina kijistari, cha tano kinakata vinne. Kurasa nyingine zimegandana kwa udongo wa viazi, nazitenganisha kwa ukucha. Napiga picha mwaka mzima uliotangulia ajali. Mzee anaweka sahihi, mahakamani nitamhitaji yeye mwenyewe.

Mteja wangu ana miaka 31. Lori lilirudi nyuma likambana bega ukutani. Alikuwa akilipwa kwa gunia, hana mwajiri, kwa hiyo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumhusu. Tunamdai mwenye lori, na sheria inatupa miaka 3 tangu ajali.

Saa 3, ofisini Mwanjelwa. Mteja ameshafika. “Dada wakili, andika elfu ishirini na tano kwa siku.”

“Kila siku? Na Februari, barabara za Umalila zikiwa tope?”

Anacheka, anaangalia pembeni. Daftari linasema magunia 3,640 kwa mwaka, shilingi 1,000 kila moja, yaani 3,640,000. Hakimu akinikamata nimeongopa kwenye siku moja, hataniamini kwenye miaka iliyobaki.

Saa 5. Cheti cha daktari: ulemavu wa kudumu, asilimia 20. Kijana anayejifunza kazi kwangu ameshachukua kikokotoo, anazidisha kipato kwa asilimia 20. Namzuia. Asilimia ile ni ya mwili. Karani mwenye bega hilohilo angerudi mezani kwake Jumatatu. Huyu lumbesa haiinui tena.

Saa 8. Ugali wa haraka, kisha simu ya wakili wa upande wa pili. Amepata habari kwamba mteja wangu sasa anakaa dukani kwa mjomba wake, analipwa 250,000 kwa mwezi. “Mwenzangu, hapo mmepoteza nini? Elfu hamsini na kitu?”

Hesabu yake ni sahihi, na ndiyo inayonikera. Kwa mwaka ni 3,000,000, pengo ni 640,000. Angeweza kupakia mpaka miaka 50, lakini sizidishi kwa 19: pesa inalipwa leo kwa mkupuo, na mgongo wa mpakiaji ungeweza kumwangusha hata bila lori. Naomba tuzidishe kwa 11, tunapata 7,040,000. Hicho ni kipato kilichopotea. Uwezo wa kutafuta kipato ni jambo jingine kabisa. Duka likifungwa kesho, zamani angevuka barabara akarudi kwenye magunia jioni ileile. Sasa atavuka aende wapi? Hilo naliombea fungu lake katika fidia ya jumla, ambayo kiasi chake hakimu hupima kwa busara. Gharama za matibabu kila shilingi ina risiti yake, maana hizo zisipothibitishwa hazilipwi.

Saa 11 jioni. Nimepita dukani. Rafu ya juu tupu, sukari mifuko mitatu, daftari la madeni nene kuliko la mauzo. Mjomba ananong’ona kwamba kodi ya fremu imempita miezi miwili. Ushahidi wa namna hiyo ndio ninaoutafuta.

“Utakuja kulisema hilo mahakamani, mjomba?”

Anafuta kaunta ambayo haina vumbi. “Mama wakili, wanaonikopesha mzigo nao huwa wanakwenda pale?”

Nimemwambia mahakama ni ya wazi. Ameomba nimpe mpaka Ijumaa.