Matuta ya Malabar

Jumamosi usiku, mwisho wa Oktoba

Miguu inaniuma na viatu nimeviacha nje kwenye baraza, vimejaa tope. Nataka niandike kabla sijalala, maana kesho naingia zamu ya asubuhi na nikishaingia kazini mambo kama haya hunipotea.

Leo tumekwenda Malabar Farm, mimi na mwanangu wa mwisho. Ni hifadhi ya jimbo la Ohio, iko karibu na kijiji cha Lucas, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari kutoka hapa Columbus. Miaka yote niliyokaa jimbo hili sikuwahi kufika. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenitajia, na jina tu lilitosha kunitoa nyumbani. Nilisoma Tanga, na pale bandarini wazee wa majahazi walikuwa wakiitaja Malabari, pwani ya India, kama mtu anavyotaja kwa mjomba wake: ndiko ilikotoka misaji ya kuundia vyombo. Kumbe jina la shamba limetoka huko huko. Mwenyewe, Louis Bromfield, alikuwa mwandishi wa riwaya, mzaliwa wa Mansfield hapo jirani mwaka 1896. Aliishi Ufaransa miaka mingi, akatembea India, na aliporudi kwao akalipa shamba jina la pwani ile.

Tulianzia msituni. Kijia tulichofuata kimepewa jina la Doris Duke, mwanamke aliyerithi utajiri wa tumbaku. Bromfield alipobanwa na madeni aliuza haki ya kukata miti ile, na mama huyu akatoa pesa ya kuikomboa. Nilimsimulia mwanangu hadithi hiyo tukiwa katikati ya miti yenyewe, akanyamaza, akaenda kuweka kiganja kwenye gome la mti mmoja mkubwa wa bichi. Gome la bichi ni laini, la kijivu, kama ngozi ya tembo aliyetoka kuoga. Miti ya mepo ilikuwa imebakiza majani machache juu. Mengine yote yako chini, manjano na mekundu, yamelowa mvua ya jana. Ukikanyaga husikii kitu. Nimezoea kutembea kwenye lami na sakafu za hospitali, nikawa najikuta nasimama tu, bila sababu, kusikiliza hicho kimya.

Mahali fulani karibu na kijito nilichuchumaa. Nikafukua majani kwa vidole: la juu bado zima, linalofuata limebaki mishipa mitupu, chini yake kitu cheusi kama kahawa iliyosagwa, chenye joto kidogo, na mnyoo mmoja mwekundu akajivuta kukimbia mwanga. Nikauleta puani. Harufu ile ile ya msitu wa Shagayu, kule juu ya kwetu Mlalo, milimani Usambara, tulikokuwa tukipita kuokota kuni. Mwanangu akauliza, "Mama, unalia?" Nikamwambia hapana, ni baridi.

Ukitoka msituni unaingia moja kwa moja kwenye mashamba, hakuna uzio mkubwa wala geti. Mahindi yamekauka yakisubiri kuvunwa, ng'ombe wako upande wa pili, na kijia kinaambaa pembezoni. Hapa ndipo penye habari hasa ya Malabar. Watu wengi huja kuiona nyumba kubwa, ina vyumba 32, na ndimo mwigizaji wa sinema Humphrey Bogart alimomwoa mwigizaji mwenzake Lauren Bacall mwezi Mei 1945. Sisi tuliipita tu. Mimi nilichotaka kuona ni udongo.

Bromfield aliponunua mashamba haya mwaka 1939 yalikuwa yamechoka kabisa. Waliotangulia walilima kwa kushuka na mteremko, mahindi juu ya mahindi, mvua ikabeba rutuba yote ikaacha makorongo. Akaweka chokaa na samadi, akapanda majani na mimea ya jamii ya kunde ili ardhi isikae uchi, akaanza kulima kwa kufuata mkunjo wa kilima badala ya kuushuka. Mwenyewe aliandika kwamba baada ya miaka michache chemchemi zilizokuwa zimekauka zilirudi kutoa maji. Wakulima walikuja kutoka mbali kumsikiliza.

Tulipanda Mount Jeez, kilima cha nyasi kinacholitazama shamba zima. Upepo ulikuwa mkali, mwanangu kajificha nyuma yangu. Na pale juu, nilipoangalia chini, nikaiona mistari. Mistari ya kijani na ya kahawia inapinda na kilima, inazunguka kiuno chake, haishuki hata mmoja.

Nilimkumbuka Bibi, mama mzaa mama.

Serikali ya Mwingereza ilianza mpango wake wa kuhifadhi udongo Mlalo mwaka 1946. Ni miaka ile ile Bromfield alipokuwa akiwatembeza wageni kwenye kilima hiki. Wakoloni waliwaamuru watu walime kwa matuta ya kukingama mteremko, na asiyelima matuta alishtakiwa na kutozwa faini. Kazi ile iliwaangukia zaidi wanawake, kwa majembe ya mkono, kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anaifikiria mara mbili. Bibi alikuwa na mtoto mgongoni, naye ndiye mama yangu. Hadi anafariki, neno "matuta" hakulitamka bila kutema mate pembeni. Alikuwa akituambia, "Walitulimisha mlima kama adhabu." Watu waligoma, wakapinga, na chama cha TANU kilipopata nguvu mpango ukafa. Matuta yakavunjwa kwa furaha, kwa nyimbo.

Na mimi nimeyaona yaliyofuata. Nikiwa msichana, ikinyesha masika, mto Umba ulishuka mwekundu kama chai ya maziwa, na ule wekundu ulikuwa shamba letu. Siwezi kumlaumu Bibi. Leo pia, nikiwa nimesimama pale na baridi ikinipiga masikio, sikumlaumu. Alichokikataa ni fimbo iliyoshika jembe. Lakini inaniuma kwamba fimbo ile ilituharibia hata kitu ambacho huenda tungekichagua wenyewe, na kwamba nimelazimika kuvuka bahari ili nikaone matuta yanavyokuwa pale mwenye shamba anapoyataka. Bromfield hakutishwa na karani. Alikuwa na trekta, na mali iliyotokana na vitabu. Hata hivyo pesa zilimwishia. Mambo haya sikuweza kumweleza mwanangu vizuri. Nilimwambia tu kwamba bibi yake mkubwa aliwahi kulima hivi, na hakupenda.

"Kwa nini hakupenda? Ni pazuri."

"Kwa sababu hakuulizwa."

Akafikiri. Akasema shuleni kwao pia hawaulizwi. Tukashuka.

Jioni nilimtumia Mama picha niliyopiga kilimani. Huko Mlalo ilishapita saa sita ya usiku, nikadhani ataiona kesho. Lakini Mama siku hizi halali sana. Amenirudishia ujumbe wa sauti sasa hivi, nasikia na mbwa wa jirani akibweka nyuma yake.

"Nimeona, mwanangu. Shamba zuri. Hayo si matuta hayo?" Halafu kimya kirefu, nikadhani umekatika. "Nani aliwalazimisha?"

Nimeusikiliza mara tatu. Nitampigia asubuhi, kabla ya zamu.