Winga aliyekuja mazoezini na dereva wake

Juzi kwenye grupu letu la raga mtu akauliza nani kafunga trai nyingi zaidi (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya laini ya wapinzani) na jezi ya Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, watu wakaanza kurusha majina ya vijana wa leo, mi nikaandika Tony O'Reilly. Kimya. Mmoja akaja inbox, "huyo si yule tajiri wa magazeti?" Ndio huyo huyo bana.

Jamaa kazaliwa Dublin 1936, kasoma shule ya Belvedere kwa mapadre Wajesuiti, Januari 1955 Ireland wakampanga dhidi ya Ufaransa akiwa na miaka 18. Miezi michache tu yuko Afrika Kusini na Lions, testi, yaani mechi rasmi ya kimataifa, ya kwanza pale Ellis Park wakashinda 23-22 na trai moja ni yake. Ziara ile alifunga 16, akaenda nyingine 1959 kule Australia na New Zealand akaongeza 22, jumla 38, na mpaka leo hakuna aliyemfikia. Ila sasa na Ireland yenyewe, mechi 29, trai 4! Winga hata awe na mbio za swala, mpira usipomfikia ataganda tu na baridi pembeni ya laini, na Ireland ya enzi zile mpira ulikuwa unafia kwa maforwadi, wale wazito wa mbele.

Halafu Lions wale wa 1955 wakirudi kwao walipita Nairobi wakacheza na East Africa, enzi za hali ya hatari hizo, timu yetu eti, walowezi watupu.

Raga haikuwa na mshahara kwa hiyo alikuwa na kazi. 1962 akiwa bosi wa bodi ya maziwa ya Ireland wakaleta Kerrygold, ile siagi, baadaye akaingia Heinz, kampuni ya vyakula, akapanda mpaka 1987 akawa mwenyekiti wa kwanza asiye wa ukoo wa Heinz.

Mi lakini napenda ya 1970. Hajaichezea Ireland tangu 1963, ana miaka 33, mwili umeshaongezeka, winga mmoja kaumia, anaitwa ghafla aje Twickenham, uwanja wa England. Inasimuliwa alifika mazoezini na limuzini, anaendeshwa na dereva wake. Wakachapwa na England 9-3, na hakuitwa tena.

Utajiri nao ukaja ukayeyuka, 2015 akatangazwa kafilisika kule Bahamas, akafariki Mei 2024 na miaka 88.

Grupu sasa wanadai trai za mechi zisizo testi zisihesabiwe. Sawa, testi peke yake anazo 6, na hiyo pia ni rekodi ya Lions. Nimeituma jana, tiki za bluu zote, hakuna aliyejibu.