Kijivu kimoja, kesi nzima

Jamani, leo hapa Moshi kwa fundi cherehani kulikuwa na kesi. Sare za sendofu: mashangazi njano, wasichana nyeusi, zote zimeshonewa utepe wa kijivu kutoka jora moja. Shangazi akashika kiuno. "Fundi, wetu umebadilisha, huu una zambarau kwa mbali!"

Fundi, mtu mpole kweli, hakubishana. Akakata kipande cha utepe, akakiweka juu ya njano, kisha akakihamishia juu ya nyeusi. Kwenye njano kikaonekana kimekolea, zambarau kabisa. Kwenye nyeusi kikang'aa kama kimetoka kufuliwa. Kipande kilekile! Shangazi akakigeuza nyuma, akitafuta ujanja.

Lalamiko lenyewe ni la zamani mno. Kule Paris, mkemia Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi nyuzi katika Gobelins, kiwanda cha kufuma mapazia ya ukutani yenye picha. Watu wakalalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Akachunguza, akakuta dawa ya rangi haina kosa. Zilizokuwa zinaziharibia sura ni rangi jirani. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kuhusu hilo.

Ubongo haupokei rangi ikiwa peke yake, unailinganisha na kilichoizunguka. Na kujua hakusaidii (hapo ndipo panaponiudhi): nimeelezwa, nimeelewa, bado naiona zambarau.

Wanaonunua vitambaa: toboa karatasi nyeupe matundu mawili, chungulia humo rangi mbili unazolinganisha. Rangi jirani ikifichwa, ubishi unaisha.