Fahren, kitenzi kilichoniteka

Jioni nikipata kiti kwenye mwendokasi wa Kimara, natoa daftari la Kijerumani. Wiki hii nimeng'ang'ania kitenzi kimoja tu: fahren.

Siku hizi fahren ni kwenda kwa chombo, iwe basi, treni au baiskeli. Wa miguu anatumia gehen. Zamani haikuwa hivyo. Fahren ilibeba kila mwendo, wa miguu, wa farasi, hata wa mashua. Ndiyo maana hija, hata ile ya kutembea, bado inaitwa Wallfahrt, na kupaa kwa Yesu ni Himmelfahrt.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye Erfahrung, yaani uzoefu. Limetoka kwenye erfahren, ambalo hapo kale lilimaanisha kuzunguka nchi na kufika mahali kwa kusafiri, kisha likawa kujua jambo kwa kulipitia mwenyewe. Bibi yangu wa Tanga angelielewa papo hapo. Kwake, asiyetoka nyumbani hana la kusimulia.

Halafu kuna fertig, 'tayari'. Mwalimu hulitamka kila tukimaliza zoezi, nami namwona mtu kafunga mzigo, viatu mguuni, maana asili yake ni kuwa tayari kwa safari. Mababu nao ni Vorfahren, waliotangulia.

Sasa nimehamia führen, kuongoza. Limezaliwa na fahren: kumfanya mwingine aende. Nasomea uongozaji watalii, kwa hiyo hili nitalihitaji kila siku ya kazi.