Tulivyoipata kasma ya vitanda vya wazee

Wodi ya wazee ya hospitali yetu hapa Pemba ilifungwa kwa sababu ya kawaida kabisa: paa linavuja, jengo linataka ukarabati. Tukaambiwa tusubiri. Ukarabati ukaisha, kuta zikapakwa rangi, chumba kikapewa shughuli nyengine, na vitanda 12 vya wazee havikurudi. Ikawa mzee akiugua analazwa pamoja na watu wengine wote, na wodi ikijaa anatandikiwa godoro chini.

Aliyewahi kuuguza mzee anajua maana ya godoro la chini. Aliyevunjika nyonga hainuki hapo bila ya watu wawili kumshika, na usiku wodini yupo muuguzi mmoja. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ngozi ya makalio na visigino inaiva, kisha inafunguka. Ami yangu aliingia kwa homa ya mapafu, akatoka na kidonda mgongoni kinachoingia ncha ya kidole. Kifua kilipona upesi. Kidonda kilimsumbua miezi, na mkewe, naye mtu mzima, ndiye aliyekuwa akimgeuza usiku kucha. Hapo ndipo niliposema hili haliwezi kuachwa.

Tulikuwa watu wachache: mwalimu mstaafu, mkunga mstaafu, vijana wawili wa shehia na mimi. Barua zetu zilijibiwa kwa adabu, kwamba suala linafanyiwa kazi. Ofisi moja ikatwambia mambo ya wazee yako wizara nyengine. Tukienda huko tunaambiwa vitanda ni mambo ya afya. Mmoja akauliza kwa nini wazee wasipelekwe Limbani. Tulimjibu kwamba Limbani, kama zilivyo Sebleni na Welezo kule Unguja, ni makaazi ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mgonjwa anayetaka dripu na oksijeni anataka hospitali.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja aliyekuwa mhasibu serikalini. Alisoma barua zetu zote, akavua miwani, akasema: "Wanangu, mmeandika vizuri, lakini barua hainunui kitanda. Kinachonunua kitanda ni kasma, yaani fungu la fedha lililotengewa jambo lake kwenye bajeti." Akatueleza mwaka wa fedha unavyokwenda. Unaanza tarehe 1 Julai. Baraza la Wawakilishi linajadili bajeti pale Chukwani mwezi wa Mei na Juni, na wananchi wengi ndipo wanapoanza kupiga kelele. Wakati huo hesabu zimeshafungwa. Mahitaji yanakusanywa kuanzia chini, wilayani, miezi mingi kabla, na lisiloingia hapo Mwakilishi hata akilisemea mpaka sauti ikauke, hapana pa kulichomeka. Kwa hivyo ombi liwe mezani kabla ya Januari kuingia, na liwe na idadi na bei.

Idadi tuliipata kwenye Pensheni Jamii. Tangu Aprili 2016 mzee wa Zanzibar aliyefika miaka 70 analipwa kila mwezi, awe aliajiriwa au alikuwa mkulima au mvuvi. Ilianza kwa Sh 20,000, sasa ni Sh 50,000. Kwa ajili ya malipo hayo, kila shehia ina orodha ya wazee wake. Wakati ule fedha zilikuwa zikitolewa taslimu kituoni, kwa hivyo wazee walikuja wenyewe. Tukaomba ruhusa kwa Sheha, tukakaa pembeni ya foleni na daftari. Maswali yalikuwa matatu: umelazwa tangu wodi ifungwe? Ulilala kitandani au chini? Nani alikuhudumia usiku? Majina hatukuandika.

Bibi mmoja alipomaliza kujibu hakuondoka. Alinishika mkono, akasema: "Mjukuu wangu, andika na hili. Nilikuwa naona haya kumwita mtu aninyanyue kwenda msalani, basi nikaacha kunywa maji." Niliandika kama alivyosema. Ndiyo maana ombi letu halikuwa la vitanda pekee. Tuliongeza viti vya choo vya kuwekwa ubavuni mwa kitanda, magodoro ya kuzuia vidonda na fremu za kutembelea. Vitanda vyenyewe tulitaka vinavyoshuka chini kwa mkono wa kuzungusha, vyenye kingo, ili mzee ateremke miguu ikigusa sakafu. Vijana wakafuatilia profoma, yaani hati za makadirio ya bei, kwa wauzaji wa Unguja, kila kitu na bei yake.

Yote yakawa karatasi moja. Juu tuliweka Sheria ya Wazee ya mwaka 2020, tukakumbusha kuwa matibabu bure Zanzibar yalitangazwa mwaka 1965, kisha jedwali. Nakala moja ilikwenda kwa daktari wa wilaya, nyengine kwa Mwakilishi wetu, ambaye aliisoma kweli. Yeye ndiye aliyeulizia jambo letu mbele ya Kamati ya Ustawi wa Jamii, akiwa na hesabu mkononi.

Tulipitishiwa vitanda 8 na vifaa vyake. Nilifurahi, lakini yule mhasibu akanionya kwamba kupitishwa bajeti si kutoka fedha. Alisema kweli. Robo ya mwanzo ya mwaka ilipita kimya. Tukawa tunakwenda kuuliza kila robo, kwa heshima, na kila jibu tunaliandika kwa tarehe na cheo cha aliyetujibu. Anayejua kwamba utarudi hulitafuta faili lako. Vitanda vikafika, na chumba kikatengwa.

Vilivyobaki ni vitanda 4, na wahudumu wa usiku, ambao kwangu ni muhimu kuliko vitanda hivyo: kingo za kitanda hazimgeuzi mtu. Ombi la wahudumu lina hesabu ya zamu na mishahara, na safari hii limefika wilayani mapema kabla hata hatujaulizwa.