Mjamzito Hanunui Hisa

Mimi ni katibu wa kikundi cha hisa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Kazi yangu ni daftari: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani kachelewa na atozwe faini. Uuguzi sijasomea. Haya ya watoto wachanga nimeyajulia mkekani, kwenye vikao vyetu.

Kama vikundi vingi, tuna sanduku la kufuli tatu na washika funguo watatu, na tuna mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi. Zamani mjamzito aliufikia mfuko huo pale tu uchungu ulipokwisha kumshika usiku wa manane na nauli haipo. Fedha ipo, imefungwa, na mshika ufunguo wa tatu kalala shambani kwa sababu ni msimu wa korosho. Tukaamua fungu la uzazi lisiingie sandukuni kabisa, likae kwenye simu ya mweka hazina. Siku hizi kuna namba 115 ya m-mama: unapiga bure, mama au kichanga aliye hatarini anatafutiwa gari la wagonjwa, au dereva wa jirani ambaye mfumo wenyewe unamlipa. Kilio cha nauli kimepungua. Ila simu haijipigi. Lazima mtu aseme "sasa tupige", na katika nyumba nyingi za huku mtu huyo si mwenye mimba.

Kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Binti mwenye mimba ya kwanza anakuwa chini ya mama yake, bibi yake na kungwi aliyemfunda unyagoni. Nesi atamweleza kila kitu kliniki, naye ataitikia, lakini akirudi na mtoto nyumbani anayeshika beseni ni bibi. Na nyumbani ndiko kwenye hatari. Watoto wanaokufa ndani ya mwezi wa kwanza, takriban robo tatu yao hufa katika wiki ya kwanza, ambayo nyingi ya siku zake hupita ndani, mlango umerudishwa, mama na wazee wake peke yao.

Kwa hiyo kikao kilichozaa matunda kuliko vyote hakikuwa cha mgeni mwenye mabango. Kilikuwa cha beseni: mtoto aogeshwe akizaliwa tu, au asubiri mpaka kesho yake kama nesi anavyosema? Kungwi mmoja anayeheshimika sana aliuliza, "Wajukuu zangu, mtoto abaki na ule utando mweupe mpaka kesho? Wageni wakija waseme nini?" Hakuna aliyecheka, maana wengi tuliogeshwa papo hapo na tukawaogesha wetu hivyo hivyo. Mweka hazina akamuuliza kwa adabu, "Bibi, yule aliyezaliwa mdogo mwaka jana, baada ya kuoga alinyonya?" Bibi alifikiri. "Hakunyonya. Miguu ilipoa." Akakaa kidogo, kisha yeye mwenyewe akasema, "Basi afutwe kwa kitenge kikavu, alazwe kifuani kwa mama yake, maji yasubiri." Kuna aliyedakia kwamba hata mfukoni ni nafuu, kwa bei ya ndoo ya maji huku juu! Tangu siku hiyo hoja ya beseni tunamwachia yeye. Neno likitoka kwa kungwi halibishiwi na bibi mwenzake, lakini la kwangu au la nesi lingebishiwa mpaka magharibi. Kitovu nacho tulikijadili hivyo hivyo: kiachwe kikavu, kisipakwe kitu.

Kijana wangu anayesoma uuguzi ndiye aliyenionyesha kwamba jambo hili limepimwa. Kule Makwanpur, Nepali, wanawake wa vijijini walikutana kila mwezi na mwezeshaji wa hapo hapo kwao ambaye hakuwa mhudumu wa afya. Walichangishana, wakatengeneza machela, wakajadiliana. Matokeo yalitoka mwaka 2004: kulikokuwa na vikundi walikufa vichanga 26 katika kila 1,000 waliozaliwa hai, kwingineko 37. Bangladeshi walipojaribu kwa kikundi kimoja kwa watu 1,400 hivi, vifo vya vichanga havikupungua. Walipoongeza mpaka kimoja kwa watu 300 hivi, vikapungua. Mwaka 2013 majaribio saba yakajumlishwa, ya Malawi na India yakiwemo, ikaonekana nguvu ipo pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito wa mahali wanahudhuria. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vikundi vya namna hii kwa vijijini.

Hiyo asilimia 30 ndiyo iliyonitia kiwewe nilipofungua daftari langu. Wanachama wetu ni wanawake wenye mikorosho au genge. Msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mimba ya kwanza hana cha kununulia hisa, kwa hiyo jina lake halimo. Tulikuwa tunazungumza habari za vichanga kwa uchungu mkubwa, wenye vichanga wakiwa nje. Na nchi nzima deni ni la vichanga. Kwa utafiti wa kitaifa, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Vya watoto wa mwezi wa kwanza vilitoka 25 kwa kila 1,000 hadi 24. Yaani vimesimama.

Sasa mjamzito yeyote wa kijiji anakaa mkekani bila hisa, na anakuja na bibi yake. Mkopo hapati, kura hana, lakini fungu la uzazi ni lake kama letu.

Si wote wanaofurahi. Baadhi ya wenzangu wanataka kila mjamzito alipe kiingilio, kidogo tu, "ili aone uchungu wa kikundi." Hoja yao naielewa: fungu linapungua, na kuanzia Machi mpaka minada ya korosho ifunguliwe tena huku fedha haionekani. Nimewaambia kiingilio kitawafukuza wale wale tuliowaita, na kama fungu ni dogo basi faini za wachelewaji ziende huko, nikiwemo mimi. Kura ni kikao kijacho. Kungwi bado hajasema yuko upande gani, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumuuliza.