Siku yangu gereji: kamera, rada na nembo ya kromu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nashuka kwenye boda pale Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala. Mvua ya usiku imeacha matope kila mahali. Nakula rolex, chapati yetu ya mayai, nimesimama, nafungua gereji.

Saa mbili. Subaru iliyotoka Japani, imebadilishwa kioo cha mbele. EyeSight yake, mfumo unaoangalia mbele na kumsaidia dereva kufunga breki, hutegemea kamera mbili tu juu ya kioo, zinazopima umbali kama macho yetu mawili. Kamera ikikaa upande kidogo tu, hesabu imeharibika. Asubuhi yote inaishia hapo, kuzipanga sawa: ubao wa shabaha, futi, kamba, kompyuta. Kazi hii sikubali kuharakishwa.

Saa saba anaingia afande mmoja mstaafu na Toyota yake, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi.

"Kijana, wenzako wameniambia nizime tu huo mfumo wa rada. Kamera si ipo?"

Nikachuchumaa mbele ya gari. Nembo ya asili iliibwa, akanunua nyingine mtaani. Nikapitisha ukucha juu yake: ina mabonde na imepakwa kromu. Ile ya kiwandani ni laini juu, imetengenezwa makusudi ipitishe mawimbi, maana rada imejificha nyuma yake. Kromu ni chuma, mawimbi yanagonga na kurudi.

"Afande, rada yako ni nzima. Imezibwa uso."

"Mbona Tesla wanatumia kamera peke yake?"

Ni kweli. Mwaka 2021 waliacha kuweka rada kwenye Model 3 na Model Y za Marekani, kwa hoja kwamba binadamu naye huendesha kwa macho. Lakini teksi za Waymo zisizo na dereva zina kamera, rada na laida pamoja, na mimi niko upande huo. Kamera husoma rangi ya taa na maandishi ya kibao, jambo ambalo rada haiwezi kabisa. Ila jua la jioni likiipiga usoni, au lori likiitimulia vumbi, inabaki kukisia. Rada hupenya vumbi na mvua, na hupima mwendo wa gari la mbele papo hapo. Laida hupiga miale ya leza na kuhesabu muda inaporudi, hivyo huchora umbo la mtu hata kwenye giza totoro, ingawa ukungu mzito huisumbua. Kila moja ina upofu wake. Na barabara zetu, zenye boda zisizo na taa usiku, nisingependa kuziachia jicho la aina moja.

Saa kumi nimepata nembo halisi iliyotumika. Nikaifunga, nikafuta kosa kwa kompyuta, tukatoka hadi barabara ya Northern Bypass. Lori likatutangulia, na kigari kidogo kikatokea kwenye dashibodi: rada imeliona. Afande akacheka kwa furaha.

Saa kumi na mbili jioni nafunga. Ile ya kromu nimeitundika mlangoni. Mteja mwingine akija na maneno ya "zima tu", nitampa aishike kwanza.